Tahadhari ya mvua ikishatolewa, ni nani anayesimamisha gari?

Katika majuma haya ya mwisho ya masika, kila taarifa ya habari ya usiku inapofikia ukingoni, husomwa maneno ambayo wengi wetu tumeyazoea kiasi cha kutoyasikia tena. Tunaambiwa kwamba katika saa ishirini na nne zijazo kunatarajiwa hali ya mawingu, mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo na vipindi vya jua. Kwamba upepo wa pwani utavuma kutoka kusini. Na kwamba bahari itakuwa na mawimbi makubwa kiasi. Kufikia hapo, mwenye kunyanyuka amekwisha kunyanyuka, na mwenye kuzima redio ameizima. Asubuhi yake, mvua ikinyesha, tunauliza kwa nini hatukuambiwa. Na isiponyesha, tunasema watu hawa ni waongo.

Tumeona tuyatazame maneno hayo leo. Hatukusudii kuwafundisha kazi wataalamu wa hali ya hewa, ambao wanaijua kuliko sisi. Tunafanya hivyo kwa kuwa masika ya mwaka 2024 yaliacha swali ambalo, kwa maoni yetu, halijapata jibu hadi leo. Swali lenyewe halihusu mvua. Linahusu kile kinachotokea, au kisichotokea, baina ya saa tahadhari inapotolewa na saa dereva anapofika mbele ya maji.

IJUMAA YA ARUSHA NA JUMAPILI YA OMAN

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 12 Aprili 2024, Idd-el-Fitri ikiwa ndiyo kwanza imepita, gari la shule lililokuwa limebeba wanafunzi jijini Arusha lilisombwa na maji katika eneo la Muriet, likatumbukia korongoni. Wanafunzi kadhaa walipoteza maisha, pamoja na msamaria mwema mmoja aliyejitosa majini kuwaokoa.

Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 14 Aprili, ambayo kwa Oman ni siku ya kwanza ya juma la masomo, gari lililokuwa na wanafunzi lilichukuliwa na maji ya wadi katika eneo la Samad al-Shan, wilaya ya Al Mudhaibi, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Wanafunzi takriban kumi walifariki dunia. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa Sharqiyah ni wapi. Ndiko walikotoka mababu wa familia nyingi za Unguja, Pemba na mwambao, na ndiko waliko hadi leo jamaa zao ambao majumbani mwao bado Kiswahili kinazungumzwa. Simu za tanzia zilizopigwa juma lile zilivuka bahari kwenda na kurudi.

Nchi mbili, hali ya hewa mbili tofauti kabisa, moja ya milima ya kijani na nyingine ya majabali makavu. Lakini kisa ni kimoja. Watoto wamo ndani ya gari, barabara imekatwa na maji yanayokwenda kasi, na mtu mzima mmoja aliye kwenye usukani anatakiwa aamue, peke yake na kwa dakika chache, jambo ambalo lilipaswa kuwa limeamuliwa na wengine tangu jana yake.

Mfumo ule ule wa hewa ulioinyeshea Oman ulifika Falme za Kiarabu tarehe 16 Aprili. Katika kituo cha Khatm al Shakla, Al Ain, zilipimwa milimita 254.8 za mvua katika muda usiofika saa ishirini na nne, kiasi ambacho hakijapata kuandikwa nchini humo tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Dubai, mji ambao kwa kawaida haupati hata milimita 100 kwa mwaka mzima, uliziona barabara zake kuu zikigeuka mito, na zaidi ya safari elfu moja za ndege zilifutwa. (Palizuka uvumi kwamba mvua ile ilitengenezwa na ndege zinazonyunyizia mawingu chumvi. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilikanusha kurusha ndege hizo wakati wa dhoruba, na wataalamu wakaeleza kwamba unyunyiziaji hauwezi kuzalisha mfumo wa mvua ulioenea nchi kadhaa. Uvumi haukukoma. Mwanadamu hupendelea njama kuliko mgandamizo wa hewa.)

Huku kwetu tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufariki dunia na 236 kujeruhiwa kutokana na mvua za msimu ule, na kwamba zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ambalo kalavati lake lilikuwa limeziba yalilipasua tuta hilo na kuzifagia nyumba zilizokuwa chini yake wakati watu wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikagusa kisiwa cha Mafia.

Mtu anaweza kudhani kwamba watu hawa wote walikutwa na jambo lisilotarajiwa. Haikuwa hivyo. Kabla ya Machi kituo cha utabiri cha kanda, ICPAC, kilichoko Kenya, kilikwisha kusema kwamba msimu ule ulielekea kuwa na mvua zaidi ya kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nayo ilitoa mwelekeo wa namna hiyo mwezi Februari. Matangazo ya siku kwa siku yalifuata. Kwa hiyo lililokosekana si habari.

NAMNA YA KUYASOMA MANENO

Hebu basi tuyarudie maneno yenyewe, kwani tunaamini kwamba sehemu ya tatizo ipo hapo.

TMA hutoa maonyo yake kwa daraja tatu. La kwanza ni angalizo, lenye rangi ya njano. La pili ni tahadhari, rangi ya chungwa. La tatu ni tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Kila onyo huambatana na vipimo viwili, ambavyo ni uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake likitokea. Vipimo hivi haviendi sambamba siku zote. Jambo linaweza kuwa na uwezekano mdogo lakini athari zake zikawa kubwa mno, na kwa sababu hiyo likastahili onyo la juu. Mwenye kufunga mlango usiku hafanyi hivyo kwa kuwa ana hakika mwizi atakuja.

Msikilizaji akisikia "uwezekano ni wa wastani" hudhani mtabiri anajikinga lawama. Tunaomba tulipinge hilo. Chukulia mtabiri aliyesema mara kumi, kwa siku kumi mbalimbali, kwamba uwezekano wa mvua kubwa ni asilimia 30. Mvua kubwa ikanyesha siku tatu kati ya hizo kumi. Mtabiri huyo amesema kweli mara zote kumi, zikiwemo zile siku saba ambazo mtaa mzima ulimcheka. Na lau mvua ingenyesha siku zote kumi, hapo ndipo tungekuwa na haki ya kumuuliza.

Vivyo hivyo yale maneno "baadhi ya maeneo" ambayo yamekuwa mzaha vijiweni. Wingu la radi huwa na upana wa kilomita chache tu. Linaweza kuilowesha Tegeta na kuiacha Mbagala na vumbi lake. Mtabiri huona kwa siku mbili tatu kabla kwamba hewa yenye unyevu mwingi inakuja na kwamba mawingu ya namna hiyo yatazaliwa katika mkoa. Ni kata ipi yataiangukia, hilo huonekana kwenye rada saa moja au mbili tu kabla, na pengine hata chini ya hapo. Kusema "baadhi ya maeneo" ni kusema kiasi kile tu unachokijua, uaminifu ambao laiti wanasiasa wetu wangejifunza.

Na inaposemwa "mvua kubwa", kinachokusudiwa ni zaidi ya milimita 50 katika saa ishirini na nne. Nambari hiyo inasikika ndogo, ni urefu wa kidole. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50, yaani maboza 5,000 ya lita elfu kumi kila moja. Sasa fikiria mteremko wa mlima wenye kilomita kadhaa za mraba, ardhi yake imekwisha kushiba maji kwa majuma sita ya masika, miti imekatwa, mabati na saruji vimeongezeka, na maji hayo yote yanatafuta korongo moja. Hayahitaji mvua inyeshe pale ulipo wewe. Katika wadi za Oman ni jambo la kawaida mtu kusimama chini ya jua huku maji ya mvua iliyonyesha milimani yakimjia.

Yako mahesabu mengine ambayo tungependa kila mwenye usukani ayahifadhi kama anavyohifadhi namba ya simu ya nyumbani kwake. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kulielea gari dogo. Sentimita 60, maji ya kupita goti la mtu mzima, huyachukua magari mengi, yakiwemo yale marefu ambayo wenye nayo hudhani yametengenezewa kazi hiyo. Gari ni sanduku lenye hewa ndani. Uzito wake hausaidii pindi likishaanza kuelea, na tairi lisilogusa chini halina breki. Isitoshe, maji yenyewe huwa ya tope, na dereva hawezi kujua kama chini yake barabara ingalipo.

MASIKA HAYAFANANI NA VULI

Wazee wetu wa mwambao hawakuwa na setilaiti, lakini nao walikuwa na mwelekeo wao wa msimu. Kalenda ya Kiislamu huenda kwa mwezi, na kwa hiyo miezi yake huzunguka katika majira yote. Ramadhani iliyotukuta katika kaskazi itatukuta katika kusi baada ya miaka kadhaa. Mkulima na nahodha hawawezi kupanga kazi zao kwa kalenda hiyo. Ndiyo maana pwani ilihifadhi mwaka mwingine, mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, wenye siku 365, ukahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nahodha alijua ni katika mwongo upi kaskazi hufa na mwongo upi haifai kuwa baharini. Hesabu hiyo haina siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea kidogo kidogo, lakini kwa umri wa mtu mmoja ilitosha.

Kinacholeta masika ni ukanda wa mvua unaolifuata jua. Kuanzia Machi ukanda huo hupanda kutoka kusini kwenda kaskazini, upepo wa kaskazi unalegea, kusi inaanza kushika, na baina ya pepo hizo mbili hewa yenye unyevu wa Bahari ya Hindi hupanda juu na kuwa mawingu. Mvua huondoka bara mapema, lakini pwani hubaki. Kwa Mombasa, Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Kwa hiyo mtu wa pwani anayesema katikati ya Mei kwamba "masika yamekwisha" kwa kuwa amesikia Dodoma kumekauka, anajidanganya.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba masika ni magumu kutabirika kwa msimu mzima kuliko vuli. El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, na tofauti za joto baina ya upande wetu wa Bahari ya Hindi na upande wa Indonesia, vina nguvu zaidi juu ya mvua za vuli. Masika hutegemea mambo yanayobadilika kwa majuma. Mojawapo ni lile kundi kubwa la mawingu linalozunguka dunia katika ukanda wa tropiki kuelekea mashariki na kurudi tena baada ya siku thelathini hadi sitini. Jingine ni vimbunga vinavyozaliwa karibu na Madagaska, ambavyo mara hutuletea unyevu na mara hutunyang'anya. Mwaka 2019 mvua za masika zilichelewa katika sehemu kubwa ya kanda hii wakati ule ule ambapo kimbunga Idai kilikuwa kikiivunja Beira. Katika msimu wa namna hiyo, mwelekeo unaotolewa Februari haukutoshi. Ni lazima usikilize wa siku kumi, na zaidi ule wa kesho.

Wakati mwingine hata viongozi wakuu huteleza katika maneno haya. Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi wake kwamba El Niño iliyokuwa ikihofiwa haingekuja, bali mvua zaidi ya kawaida. Novemba mafuriko yakaanza, na hadi mwisho wa mwaka zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini humo. Tangu mvua za 1997 na 1998 neno El Niño limekuwa kwetu jina la mafuriko, ilhali ni jina la joto la bahari iliyo mbali nasi. Mtu akisikia kwamba "haiji", hufungua mtaro wa mawazo yake na kuufunga ule wa nyuma ya nyumba.

JE, HUKU NI KUINGILIA GHAIBU?

Tunafahamu kwamba wapo ndugu zetu, na baadhi yao ni wasomi, ambao moyo wao hauridhiki na utabiri. Wanasema kuteremka kwa mvua ni katika mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu pekee. Hilo ni kweli na hatuna shaka nalo. Lakini mtabiri hadai ujuzi huo. Anaangalia dalili zilizokwisha kuumbwa, joto la bahari, mwendo wa upepo, urefu wa wingu, kisha anakisia kwa kadiri, na kukisia kwake kunabeba ndani yake kukiri kwamba anaweza kukosea. Nahodha aliyeona wingu jeusi upande wa Pemba na kushusha tanga hakuwa akidai ghaibu.

Wengine husema kwamba kuahirisha mambo kwa ajili ya mvua ni udhaifu wa kumtegemea Mungu. Kwa hawa tunayo kumbukumbu moja, mashuhuri katika vitabu sahihi vya Hadithi. Siku moja ya Ijumaa yenye mvua, Ibn Abbas alimwamuru mwadhini kwamba, afikapo mahali pa kuwaita watu waje kwenye sala, badala yake awaambie wasali majumbani mwao. Watu walishangaa. Akawajibu kwamba aliyefanya hivyo kabla yake alikuwa mbora kuliko yeye, akikusudia Mtume (S.A.W.), na kwamba ingawa Ijumaa ni wajibu, yeye hakupenda kuwatoa watu waje wakitembea katika tope na utelezi. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi wetu mwambao, yameruhusu pia kujumuisha sala msikitini kwa sababu ya mvua, kwa masharti yake.

Tunamwomba msomaji alitazame vizuri jambo hili. Wito wa sala, wenyewe, hubadilishwa kwa ajili ya tope. Halikusemwa la mafuriko wala la daraja kukatika; ni tope tu na utelezi. Kisha, na hapa ndipo tunapotaka kufika, uamuzi haukuachiwa kila mtu barabarani ajipimie. Ulitolewa na mwenye mamlaka ya kuutoa, mapema, kwa sauti ya kusikika na wote, ili mzee asiyejiweza na kijana mwenye nguvu wote wawe na udhuru mmoja na asiwepo wa kumwonea haya mwenzake.

NANI ANA AMRI YA KUSEMA "LEO HAPANA"?

Kwetu sisi mambo yako kinyume. Onyo la mvua hutolewa kwa watu wote, na kwa hiyo halimfikii mtu yeyote kwa jina lake. Tangazo husema wananchi wachukue tahadhari. Mwananchi huyo ni nani? Ni dereva aliyeajiriwa, ambaye asipowafikisha watoto shuleni atahesabiwa mtoro au mwoga. Nyuma yake yuko mkuu wa shule asiyejua kama ana ruhusa ya kufunga kwa siku moja bila kuulizwa na wilaya. Mzazi naye amekwisha kulipa karo na nauli, na mwanawe akibaki nyumbani hana wa kumwachia, kwani yeye mwenyewe anatoka saa kumi na moja alfajiri. Kila mmoja wao amelisikia onyo, na kila mmoja anamngojea mwenzake aseme.

Tuutazame pia upande wa mwenye riziki ya siku kwa siku. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40, serikali iliwahamishia Mabwepande watu wa bonde la Msimbazi. Wako waliorudi. Walirudi kwa kuwa Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na chungu cha jioni kilikuwa Kariakoo. Kumwambia mtu wa namna hiyo "ondoka mabondeni" kila Aprili, bila ya zaidi, ni kumwambia jambo analolijua vizuri kuliko wewe. Anajua maji yatafika dirishani. Anajua pia kwamba njaa hufika kabla ya maji. Huyu hatumlaumu, na tunawasihi wenye kuandika na kutangaza waache kumsimanga kila mwaka kwa maneno yale yale.

Wa kuulizwa ni wale ambao amri wanayo na hawaitumii. Wakati wa kimbunga Hidaya tuliona kwamba jambo hili linawezekana. TMA ilikuwa ikitoa taarifa siku kadhaa kabla, kimbunga kikiwa bado baharini. Safari za boti baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Hakuna abiria aliyeachiwa ajiamulie kupanda au kutopanda, boti hazikuondoka. Kimbunga kilipungua nguvu kilipokaribia nchi kavu, ingawa mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa na kuwaacha watu wa kusini wametengwa kwa siku kadhaa. Vifo vilikuwa vichache.

Nini kilifuata? Mijini watu walilalamika kwamba wametishwa bure, kama walivyolalamika Aprili 2021 pale kimbunga Jobo kilipofifia kabla ya kufika Dar es Salaam. Lalamiko hili linatuhuzunisha kuliko ubishi wa ghaibu. Mwambao huu si mgeni wa vimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa na kuzizamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Ni baada ya hapo Pemba ilipoishika biashara ya karafuu. Tarehe kama hiyo, 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Mtu aliyekuwa Unguja mwaka 1872 angelipa kiasi gani kutishwa bure kwa siku tatu?

Sheria ya usalama barabarani ya Oman inamhesabu mkosaji dereva anayeliingiza gari katika wadi inayotiririka. Ni sheria njema, na kwetu ingefaa. Lakini Samad al-Shan inaonyesha mpaka wake: sheria humkuta dereva akiwa tayari yuko ukingoni, na shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa asubuhi ile. Katika mazungumzo yaliyofuata huko Oman, suala lililowachoma wazazi lilikuwa la masomo kuendelea siku ile, zaidi ya lile la dereva.

Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 2022 mpango wa kuhakikisha kwamba hadi mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani anafikiwa na onyo la mapema, na wataalamu wamekadiria kwamba onyo la saa ishirini na nne tu linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Hatuna neno na mpango huo. Ila rada na simu hufikisha onyo hadi mlangoni mwa shule, na hapo huishia, mpaka awepo mtu mwenye jina na cheo aliyeandikiwa kwamba angalizo la njano likitoka atafanya hili, na la chungwa likitoka atafanya lile, bila kuomba ruhusa ya mtu na bila kuogopa kuchekwa kesho yake jua likiwaka.

Misikiti yetu, kwa bahati, haina uhaba wa vipaza sauti. Sauti inayotangaza maziko ya jirani inaweza pia kutangaza, baada ya sala ya alfajiri, kwamba korongo fulani limejaa na gari lisipite, na anayeishi kando ya korongo hilo ndiye wa kwanza kujua. Hilo halihitaji bajeti.

Kiangazi kinaingia Juni. Mwelekeo wa mvua za vuli kwa kawaida hutolewa mwishoni mwa Agosti, na mvua zenyewe huanza Oktoba. Hiyo ni miezi kama minne ambayo kalavati linaweza kuzibuliwa na mtu aliyesimama ndani yake kwa viatu vikavu, na ambayo mkuu wa shule anaweza kukaa na madereva wake na wazazi wawili watatu, wakaandika kwenye karatasi moja ni njia zipi hazipitwi onyo likiwa limetoka, watoto watashushwa wapi, na ni simu ya nani itakayopigwa saa kumi na moja alfajiri.